Aliyeisema KGB hadharani ni Vlasov, si Zhabotinsky

Kama unadhani mnyanyua vyuma wa Kisovieti aliyeisema hadharani KGB, idara ya usalama na ujasusi ya nchi hiyo, ni Leonid Zhabotinsky, hapana, huyo ni Yury Vlasov. Zhabotinsky ndiye aliyemshinda kwenye Olimpiki ya Tokyo 1964. Vlasov alishatwaa dhahabu yake Roma 1960, yule mnyanyua vyuma mwenye miwani usoni, kilo 202.5 juu ya kichwa. Mei 1989, akiwa mjumbe wa bunge jipya la Kisovieti, alipanda jukwaani Moscow akaishambulia KGB waziwazi, watu wakimtazama mubashara kwenye televisheni. Kwangu mimi ule ndio uzito mkubwa kuliko wote aliowahi kuunyanyua, maana alithubutu mbele ya kamera. Alipambana kwa hotuba na kalamu. 1996 aligombea urais wa Urusi, kura zikawa chini ya asilimia 1.