Shirikisho ni nani anashika fedha

Mmeuliza wiki hii: katika nchi za shirikisho, mwenye nguvu ni serikali kuu au ni majimbo? Kwangu ni yule anayeshika fedha, hata kama katiba inasema vingine.

Chukueni Marekani. Katiba yao imeipa serikali kuu, yaani Washington, vita, sarafu, mikataba na nchi za nje na biashara inayovuka mpaka wa jimbo. Marekebisho ya Kumi ya mwaka 1791 yakaongeza kwamba lisilokabidhiwa huko ni la majimbo au la wananchi. Ndiyo maana shule, polisi na leseni za udereva ziko mikononi mwa majimbo. (India ni kinyume: lisilotajwa popote ni la serikali kuu.) Umri wa kununua pombe nao kila jimbo lilijipangia. Mwaka 1984 Bunge la Marekani likataka uwe miaka 21 nchi nzima. Halikuamuru mtu, lilisema tu kwamba jimbo litakaloruhusu walio chini ya hapo litakatwa sehemu ya fedha za barabara kuu. South Dakota, waliokuwa wakiwaruhusu vijana wa miaka 19 kununua bia nyepesi, wakaenda Mahakama ya Juu, wakashindwa mwaka 1987. Mwaka uliofuata majimbo yote yakawa yamesalimu amri. Mamlaka yalikuwa ya jimbo, lami ya Washington.

Mtasema sisi Tanzania si shirikisho. Sawa, ni Muungano wa serikali mbili. Lakini hapa Dar, mjadala ukianza kwenye kahawa, kila mtu hukimbilia orodha: mambo ya Muungano, yale yanayosimamiwa kwa pamoja kwa Bara na Zanzibar, yalikuwa 11 mwaka 1964, leo ni 22, nani kayaongeza? Hoja ya haki kabisa. Ila nikitaja Ibara ya 133 ya Katiba yetu, ile ya Akaunti ya Fedha ya Pamoja ya kuwekea michango ya serikali mbili kwa mambo hayo, wengi huagiza kikombe kingine.

Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ya 2013 ilipendekeza serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano) na kupunguza mambo hayo hadi 7. Ulinzi ungebaki wa Muungano, huku Muungano wenyewe ukitegemea hasa ushuru wa bidhaa na michango ya nchi washirika. Wapinzani wa rasimu wakauliza: washirika wasipochanga, mishahara ya wanajeshi itatoka wapi? Mimi ni wa serikali tatu hadi leo, na jibu lililotolewa halikuniridhisha. Wanaotaka rasimu ile irudi mezani waanzie kwenye hesabu hiyo.

Msomaji, Temeke, Dar es Salaam