Kabla hujasema Hendrix ameipita bendi, washa sabufa

Ukikaa na wapiga gitaa hapa Mwanza, iwe kijiweni Kirumba au nje ya kanisa baada ya mazoezi ya kwaya, ubishi huu lazima uibuke: Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa Mmarekani, peke yake dhidi ya Led Zeppelin nzima, bendi ya roki ya Uingereza, nani mkali? Wazee wanabadilisha majina, wanamweka Mbaraka Mwinshehe upande mmoja na TP OK Jazz ya Kongo upande wa pili, ila swali ni lile lile. Je, mpiga solo mmoja anaweza kuifunika bendi kubwa?

Mimi ni mpiga besi. Nimepiga kwaya, nimepiga harusi, nimepiga kwenye hoteli za ufukweni. Jibu ninalo na nitalitoa. Lakini kwanza naomba nishauri jambo moja, kwa sababu naona vijana wengi wanatoa hukumu juu ya muziki ambao hawajausikia.

Nasema hawajausikia kwa sababu wanasikilizia simu. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema kama mara 82. Kispika cha simu ni kidogo mno kusukuma mitetemo mizito namna hiyo, kwa hiyo kinachokufikia ni sauti za juu tu: solo, mwimbaji, matoazi ya drams. Ukicheza Led Zeppelin kwenye simu, John Paul Jones na besi yake karibu hayupo, na ile drams ya mguu ya John Bonham, ambayo ndiyo inayoubeba wimbo mzima, inabaki mlio mkavu kama mtu anagonga meza. Halafu mtu anasema, "Umeona? Gitaa ndiyo kila kitu." Lazima iwe hivyo, wengine wameshatolewa nje na spika.

Kwa hiyo tafuta sabufa, au hedifoni nzuri za kuazima. Cheza wimbo mmoja mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi tu, hata solo ikikuita usigeuke. Mara ya pili fuata drams. Mara ya tatu ndipo ulisikilize gitaa. Niliwahi kumfanyia hivyo mdogo wangu mmoja anayepiga solo Igoma, shabiki wa Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin, aliyekuwa hataki kusikia jina la mtu mwingine. Tulipofika mara ya pili alishika mkono wangu nisizime, akaomba tuurudie mwanzo wa drams.

Na Led Zeppelin yenyewe imeacha ushahidi. Walianza mwaka 1968 wakiwa wanne: Page, mwimbaji Robert Plant, Jones na Bonham. Bonham alifariki tarehe 25 Septemba 1980, na Desemba ya mwaka huohuo wale watatu wakatangaza kwamba hawawezi kuendelea kama walivyokuwa. Tafakari hapo. Mpiga gitaa anayesifiwa dunia nzima yuko hai, mikono mizima, mwimbaji yupo, na bado bendi imekwisha kwa sababu mpiga drams hayupo. Sisi huku mpiga drams akiondoka tunampigia simu mwingine, kesho yake tupo jukwaani, kisha tunashangaa kwa nini nyimbo zimepoa.

Kuna harusi moja Nyakato iliyonifundisha zaidi ya maneno yote ya kijiweni. Tulikuwa katikati ya sebene, ukumbi wote umesimama, mpiga solo wetu yuko kwenye kilele, anapiga vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Waya wa besi yangu ukakatika ndani kwa ndani. Niliona vidole vyangu vinatembea na hakuna kinachotoka. Solo iliendelea, safi kabisa, wala hakuna aliyepiga kelele kwamba besi imekufa. Lakini shangazi wa bwana harusi, aliyekuwa mbele kabisa na kitenge kimefungwa kiunoni, alipunguza mwendo, akatazama chini, akarudi kwenye kiti. Wengine wakafuata, wawili wawili, kama watu waliokumbuka wana kiu. Nilipopata waya mwingine na kuingia tena, walirudi hata kabla sijamaliza mzunguko wa kwanza. Siku nyingine uzi wa solo ulikatika katikati ya wimbo, na hakuna mguu uliosimama.

Wasukuma wana kipimo cha namna hii tangu zamani. Bagika na Bagalu, vyama vyao viwili vya ngoma, wanapochuana, pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Ningi, yaani kiongozi wa ngoma, anaongoza, anatunga, anatamba, jina lake ndilo linalobaki midomoni. Lakini anasimama mbele ya kundi, na kundi likilegea watu wanavuka kwenda upande wa pili.

Hadi hapo utadhani nitaihukumia bendi. Sivyo. Kwa Hendrix dhidi ya Led Zeppelin mimi namchagua Hendrix, na sababu yangu si zile solo ambazo watu wanazitaja.

Hendrix alifika London Septemba 1966, akaletwa na Chas Chandler, ambaye naye alikuwa mpiga besi wa bendi ya Kiingereza, The Animals. Watu wanaanzia hapo, kama vile alishuka kutoka mbinguni akiwa ameshika gitaa la Stratocaster la mkono wa kulia aliloligeuza kwa kuwa alikuwa wa mkono wa kushoto. Wanairuka miaka ya kabla. Kwa miaka hiyo alikuwa mtu wa nyuma. Aliwapigia Isley Brothers, akampigia Little Richard, amevaa sare za bendi, anapiga ridhimu, yaani gitaa la kusindikiza, anamsubiri mwimbaji amalize. Huko ndiko alikoujenga ule mkono. Sikiliza anavyopiga nyimbo zake za taratibu: kidole gumba kinapita juu ya shingo ya gitaa na kushika nyuzi nene, vidole vingine vinabaki huru kupamba kodi za gitaa (chords) kwa vipande vidogo vya sauti. Unasikia ridhimu, besi na solo kwa mtu mmoja, na hakuna kinachomkanyaga mwenzake. Mtu wa namna hiyo amebeba bendi kichwani. Katika albamu ya Electric Ladyland ya 1968 kuna nyimbo ambazo hata besi alirekodi mwenyewe.

Na bado hakuwahi kuipuuza bendi. Kwenye bendi yake ya London, Noel Redding alikuwa mpiga gitaa, alikuja kutafuta nafasi ya gitaa akapewa besi. Mpiga drams, Mitch Mitchell, alikuwa na jazi mikononi, kwa hiyo hakukaa nyuma kuhesabu, alikuwa anamjibu Hendrix neno kwa neno. Kisha usiku wa kuamkia Januari mosi 1970 na usiku uliofuata, pale Fillmore East mjini New York, Hendrix alisimama na watu wengine: Billy Cox, rafiki yake tangu jeshini, kwenye besi, na Buddy Miles kwenye drams. Sikiliza wimbo wa Machine Gun kutoka maonyesho yale. Cox anarudia kipande kile kile bila haraka, Miles anapiga nzito na iliyonyooka, na gitaa linavutwa marefu, linalia, kwa zaidi ya dakika kumi na mbili. Asingepiga hivyo na Mitchell nyuma yake. Gitaa ni lile lile na mtu ni yule yule, lakini sakafu imebadilika na mwendo wake umebadilika. Ukitaka kubishana kwa haki, sikiliza bendi zake hizi mbili mfululizo kabla hujafungua mdomo.

Hata hatuhitaji kwenda mbali. Daniel Owino Misiani alizaliwa Shirati, ufukwe wetu huu huu wa upande wa Mara, akavuka kwenda Kenya na kuunda bendi iliyobeba jina la alikozaliwa, Shirati Jazz. Ni mmoja wa nguzo za muziki wa benga, na alifariki kwa ajali ya gari Kisumu, Mei 2006. Katika benga, besi haikai chini kimya. Inarukaruka, inaifukuza solo, solo nayo inaikimbia. Nikitaka kumwonyesha kijana wa besi kwamba kazi yake ina heshima, naanza na Shirati Jazz kabla ya Mzungu yeyote.

Sasa wewe mdogo wangu unayepiga solo na unataka kuwa Hendrix wa Mwanza, kaa kwenye ridhimu kwanza. Kwaya ni shule nzuri, kwa sababu kwenye kwaya ukiwafunika waimbaji mwalimu anakuzima siku hiyo hiyo. Punguza sauti ya ampu yako hadi umsikie mpiga besi bila kumtazama. Mwimbaji akifungua mdomo, wewe funga, mwachie nafasi, utarudi kati ya mistari. Na uende siku ya mazoezi ya besi na drams hata kama hujaitwa, ukae bila gitaa. Wapiga solo wengi ninaowajua hawajawahi kufanya hilo, nao wanalalamika kwamba bendi haiwaelewi.

Nimebakiza ubishi wa wazee. Mbaraka alikuwa fundi wa hali ya juu. Alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, jina lake lilikwenda naye, na alipofariki kwa ajali huko Mombasa Januari 1979 nchi nzima ililia. Lakini upande wa pili wa mzani si bendi isiyo na mpiga gitaa. Mpiga gitaa Franco alikuwa ndani ya OK Jazz tangu 1956, akaiongoza mpaka alipofariki Oktoba 1989, na gitaa lake lilikuwa la vipande vifupi, vya kurudiarudia, vya kuwaacha waimbaji na vinanda vya kupuliza wapite. Kwa ufundi wa vidole, Dr. Nico, mpiga gitaa mwingine wa Kongo, alimzidi, hilo nitalitetea mahali popote. Ila Franco aliwaweka jukwaa moja watu ambao kila mmoja angeweza kuwa na bendi yake, na wakapiga kama mtu mmoja kwa miaka. Hapo, wazee wangu, pamoja na mapenzi yangu yote kwa Mbaraka, nasimama na TP OK Jazz.