Mtini uliopukutisha majani Julai: usiung'oe kwanza

Pole dada. Umesema miche yako miwili ya mtini huko Ngaramtoni, Arusha, imepukutisha majani yote mwezi huu wa Julai, na jirani anakushauri uing'oe. Ngoja kwanza. Mtini hupukutisha majani baridi inapoingia, hata kwao kandokando ya Mediterania ni hivyo hivyo. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha: ukiona ukijani chini yake, mche uko hai. Ukikuta pamekauka na kuwa kahawia, shuka chini zaidi ukwaruze tena, maana mara nyingi hufa ncha tu, shina likachipua baadaye. Ule utomvu mweupe usiuache mkononi, unawasha, hasa ukipigwa na jua.

Mimi ninaogopa maji kuliko hiyo baridi. Mti usio na majani haunywi sana, halafu unaumwagilia kila jioni kama mchicha! Mizizi itaoza. Chomeka kidole kwenye udongo. Ukihisi unyevu, acha. Kama iko kwenye ndoo, hakikisha zina matundu chini, kisha zisogeze karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana.

Samadi isubiri machipukizi, tena kiasi, la sivyo utavuna majani matupu. Mti wa pili wa kuchavusha hauhitajiki kwa aina zile za kawaida. Na matunda yakija, chuma yaliyolegea na kuinama tu. Ukichuma gumu, halitaiva hata ukiliweka ndani ya nyumba.