Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: utumwa au haki za majimbo?
Ndugu, umeuliza kama majimbo ya Kusini yaliyojitenga yalipigania haki za majimbo tu, yaani kila jimbo kujiamulia mambo yake. Hapana. Soma tamko la jimbo la Mississippi la kujitenga, la 1861: wenyewe waliandika kwamba msimamo wao umefungamana na utumwa. Na sheria ya 1850 ya watumwa watoro, waliyoidai wao, ililazimisha Kaskazini kuwarudisha watu waliokimbia minyororo. Hapo haki za majimbo zilikuwa wapi?

Mzizi ni katiba ya 1787: watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu, mabwana wakapata viti zaidi bungeni kwa migongo ya watu wasio na kura. Inaniuma kila nikiisoma. Kila jimbo jipya likawa ugomvi: liruhusu utumwa au la? Kansas wakauana kabisa. Abraham Lincoln aliposhinda urais 1860 akipinga utumwa kuenezwa magharibi, jimbo la South Carolina likajitoa kwenye muungano kabla hata hajaapishwa.