Kinapendwa, mbona wamekiondoa?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mama yangu ana miaka 74. Kila jioni tulikaa naye kutazama chemsha bongo, na mara nyingi alitaja jibu kabla mshiriki hajabonyeza kitufe. Mwezi uliopita kituo chetu kimekiondoa kipindi hicho bila hata kuaga, sasa saa ileile wanarusha habari. Wanasema wanabana matumizi. Kipindi kinachotazamwa na kila mtu kinawatiaje hasara?

JIBU: Marahaba. Mpe mama pole. Kabla ya safu hii nilitunga maswali ya kipindi cha namna hiyo, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho.

Kukitengeneza ni rahisi kuliko tamthilia. Jeopardy!, chemsha bongo ya Marekani, hurekodi vipindi vitano kwa siku moja. Kwetu pia mshindi aliambiwa aje na mashati ya kubadilisha, ili baada ya nusu saa aonekane "kesho yake". Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikihakiki swali la nane huku la saba likisomwa!

Lakini kituo chenu, naamini, hakikitengenezi, kinakinunua. Kinamlipa mwenye kipindi, na mara nyingi kinamwachia pia dakika kadhaa za matangazo aziuze mwenyewe. Ukitaka kutengeneza cha kwenu kwa kufuata Who Wants to Be a Millionaire, kilichoanza Uingereza mwaka 1998, unalipia haki za muundo wake kabla hujanunua hata taa moja ya studio. Halafu mkataba ukiisha, mwenye mali anajua kipindi kinapendwa, anapandisha bei. Hapo ndipo kupendwa kunapowaponza.

Habari je? Waandishi wanalipwa mshahara tayari, kamera zipo, na dakika zote za matangazo ni za kituo. Hata watazamaji wakipungua, kinachobaki mfukoni kinaweza kuwa kikubwa zaidi.

Kuna na hili la umri, ambalo mimi huliona upuuzi: watangazaji wengi wa biashara huwalipia zaidi vijana, wale wanaohamahama chaneli, wakamwacha mama ambaye hata rimoti haigusi.

Usikate tamaa mapema. Kituo kimoja kikiacha, mwenye kipindi hutafuta mnunuzi mwingine. Pitia upya chaneli zote mnazopata, na usiangalie saa ile ya jioni tu. Wakati mwingine kipindi cha namna hii huibukia mchana.