Karibu na wazazi au mbali nao: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea. Unauliza kama matumbawe machanga mliyoyalea kwenye vigae yawekwe karibu na matumbawe makubwa ya spishi yao au mbali nayo. Mimi naanza na swali jingine: ni nani atakayerudi kuyahesabu baada ya mwaka mmoja? Kutua si kukaa: kushika mwamba si kuishi. Hilo umelisikia kwangu tangu ulipokuwa ukinishikia tochi.

Unaikumbuka lenzi ambayo marehemu mama yako aliitunza kwenye kisanduku chake cha nyuzi. Nilikuwa nayo siku tulipopandisha chomboni kigae kilichokaa ubavuni mwa tumbawe kubwa, tukakilaza katika beseni la maji ya bahari. Upande wake wa chini, ambako meno ya pono hayafiki, juu ya utando wa waridi wa mwani wa chokaa, niliona tumbawe changa: kikombe cheupe kisichofika upana wa milimita mbili, kuta zake nyembamba zikielekea katikati. Aliyetuongoza alitazama kwa macho matupu, akaandika kwamba hapakuwa na kitu, na vigae vyote vikang'olewa. Jambo hilo linanichoma hata leo, kwa kuwa kama tungevifuatilia ningekuwa na la kukujibu.

Nilitaka kuandika kwamba mtoto hafai kuwekwa mbali na mzazi, kisha nikasita. Mwaka 2013 mtafiti wa matumbawe Kristen Marhaver na wenzake walionyesha huko Curaçao, kisiwa cha Karibi, kwamba machanga ya spishi ya tumbawe iitwayo Orbicella faveolata yaliishi vizuri zaidi yakiwa mbali na wazazi, na bakteria walikuwa sehemu ya sababu. Isitoshe, matumbawe yenyewe hula vibuu, yaani watoto wa matumbawe ambao bado wanaelea majini, vinavyopita karibu na midomo yao. Lakini pasipo matumbawe makubwa, ni nani atakayeviita vibuu hivyo? Huko Fiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba vibuu vya matumbawe na samaki wachanga vilevile huyakimbia maji yenye harufu ya miamba iliyotawaliwa na mwani. Samaki wachanga wanaotoka bahari kuu huhitaji matawi hai ya kujifichia, na papo hapo samaki wakazi wa matawi hayo huwafukuza, wengine huwala. Kinachowavuta ndicho kinachowaua, nami narudia: kutua si kukaa.

Ulimi unaniwasha kusema muyaweke mbali kidogo, ndani ya mwamba uleule ulio hai. Sitasema, kwa sababu spishi zenu si ile ya Curaçao. Wekeni vigae vingine ubavuni mwa wazazi na vingine mita kadhaa kutoka hapo, mrudi na lenzi, wala usikubali mtu yeyote avibandue kabla ya mwaka kutimia. Andika pia upande unakotoka mkondo, kwa maana kama bakteria ndio wauaji, kigae kinachopokea maji yaliyokwisha kupita kwa mzazi hakilingani na kile kilicho upande wa pili, hata umbali ukiwa mmoja.

Baba yako