Jibu: Sarafu yenye nyuso mbili kwenye taa ya Kirumi

Habari ndugu. Umeuliza kama ile sarafu yenye kichwa cha nyuso mbili, kwenye taa ya udongo ya Kirumi uliyoiona makumbusho, ni bei ya taa. Si bei, ni zawadi ya mwaka mpya. Mimi pia nilikwama hapo, nikahangaika na sarafu wakati jibu liko pembeni yake.

Tazama kwanza ngao aliyoshika yule mwanamke mwenye mabawa kwenye taa hiyo, Victoria, mungu wa kike wa ushindi. Ukisoma ANNVM NOVVM (Kilatini, "mwaka mpya"), umemaliza: ni salamu ya mwaka mpya wenye heri. Kisha tafuta tende na tini kavu. Nyuso mbili ni za Janus, mungu wa mianzo, aliyechorwa kwenye sarafu za shaba za zamani.

Tarehe 1 Januari Warumi walipeana vitu hivyo, wakiviita strena. Augusto, kaisari wa kwanza wa Roma, alipokea fedha za strena kutoka kwa wananchi, akanunulia sanamu za miungu na kuziweka mitaani. Hilo hunigusa sana.

Ngao ikiwa imefutika, weka picha ya karibu tuisome pamoja. Tende peke yake hazitoshi kuthibitisha kuwa ni taa ya mwaka mpya.